Photoshop au GIMP? Tuanze na swali lingine

Tangu jamaa na marafiki wajue kwamba kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi, kuna maswali matatu nisiyoweza kuyakwepa hata nikiwa harusini na sahani mkononi. La kwanza, kama ninaweza kufungua simu ambayo mwenyewe amesahau nenosiri. La pili, kama ninaweza kutengeneza printa. La tatu ndilo la leo: "Nitumie programu gani kuhariri picha?"

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja, na nililitoa kabla mtu hajamaliza kuuliza: GIMP. Ni ya bure, ni huria, basi. Siku hizi sijibu hivyo. Sijaiacha GIMP, bado iko kwenye kipakatalishi changu na hapa chini nitaitetea. Lakini mwaka jana shemeji yangu alipatwa na jambo lililonionyesha kwamba swali lenyewe huwa tunaliuliza vibaya, na sisi wenye digrii za kompyuta ndio wa kwanza kulikosea.

Shemeji, mume wa dada yangu, ana studio ya picha mjini Machakos. Ni chumba kimoja: pazia jeupe la picha za pasipoti, pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji la wapendanao, kamera moja, printa moja na tarakilishi moja ya mezani. Tarakilishi hiyo ilikuwa na Photoshop. Hakuinunua. Kama wengi wa wenzake, alimlipa fundi mmoja shilingi mia tano. Fundi akaja na flashi, akazima antivirusi "kwa sababu inasumbua", akabonyeza hapa na pale, na programu ikafunguka bila kuuliza habari za leseni. Mambo yakaenda vizuri kwa miaka miwili.

Kisha shemeji akataka toleo jipya zaidi. Fundi akarudi na flashi nyingine. Siku tatu baadaye, Alhamisi jioni, simu yangu ikalia.

"Shemeji, hizi picha zangu zimefanya nini? Kila moja imepata jina refu la ajabu na hakuna hata moja inayofunguka."

"Kuna ujumbe wowote kwenye skrini?"

Akanyamaza kidogo. "Upo. Wanataka pesa ndio wazifungue."

Wanaojua mambo haya wameshaelewa. Kuna virusi vinavyosoma kila faili, vikaifunga kwa ufunguo wa siri, kisha vikamdai mwenye mali kikombozi. Nikamwuliza kama ana nakala za akiba. Anazo, akasema, ziko kwenye diski ya nje. Diski hiyo iko wapi? Imechomekwa hapa hapa kwenye mashine. Basi nayo ilikuwa imefungwa. Harusi, mahafali na ubatizo wa miaka minne vilikuwa vimekwenda.

Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni ile flashi ya pili. Lakini fikiria tulichofanya: tumechukua programu iliyofunguliwa kufuli na mtu tusiyemjua, tukazima mlinzi, kisha tukaipa ruhusa ya msimamizi wa mashine nzima. Mwizi hahitaji zaidi ya hapo.

Usiku wa picha moja

Ijumaa asubuhi wakaja wateja. Mzee wa familia moja jirani alikuwa amefariki, mazishi yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na picha yake nzuri ya pekee ilipigwa katika studio ile miaka miwili nyuma. Walitaka kuiweka kwenye jalada la kijitabu cha mazishi. Shemeji ilimbidi awaeleze kwamba picha ipo, lakini haipo.

Mjukuu mmoja akakumbuka kwamba mzee alionekana kwenye picha ya harusi iliyotumwa katika kundi la WhatsApp. Nikatumiwa hiyo. Ilikuwa na pikseli 1600 kwa upande wake mrefu, na mzee amesimama pembeni, chini ya kivuli cha hema, bega la mtu mwingine limeingia mbele ya koti lake. Nilipomkata peke yake, kichwa na mabega, nikabaki na upana wa pikseli karibu 500.

Nilifanya kazi hiyo usiku kwa GIMP. Nilinyanyua mwanga kwa kurva, kwa sababu uso ulikuwa gizani. Nikalifuta lile bega kwa kunakili kitambaa cha sehemu nyingine ya koti. Nikatengeneza leya mbili, mzee juu na mandhari chini, kisha maski ya kumtenga na umati wa watu. Nikaweka mandhari ya buluu. Ilinichukua saa tatu. Nitasema ukweli: mtu anayeijua Photoshop vizuri angemaliza kwa saa moja.

Kisha tukafika kwenye tatizo ambalo si la GIMP wala la Photoshop. Wachapishaji hupenda nukta 300 kwa kila inchi. Pikseli 500 kwa kipimo hicho ni sentimita 4 na kidogo tu. Familia ilitaka picha ijaze jalada la A5, na upana wa A5 ni milimita 148, yaani pikseli 1748. Pikseli zinazokosekana zitoke wapi?

Siku hizi jibu ni akili mnemba. Nikaipa programu moja ya mtandaoni ile picha na kuiomba iikuze. Ikarudi safi ajabu. Ngozi inang'aa, macho makali, kila unywele umesimama mahali pake. Nikamtumia shemeji. Akaipeleka kwa mjane, na muda si mrefu akanipigia.

"Mama anasema huyu si yeye. Anasema huyu ni kama binamu yake."

Mzee alikuwa na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Kwenye picha ya WhatsApp lilionekana kama doa tu la pikseli chache, na mashine ikaliona ni uchafu, ikalipangusa. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo nililosomea lakini nikalisahau: mashine ya aina hiyo hairudishi kilichopotea. Inakisia, kutokana na nyuso nyingi sana ilizowahi kuonyeshwa, uso kama huu kwa kawaida huwaje. Kwa bango la duka hilo halidhuru. Kwa kijitabu ambacho watu watakiweka ndani ya Biblia miaka thelathini, linadhuru.

Tukarudi kwenye picha yangu yenye ukungu kidogo. Tukaichapa ndogo, sentimita 8 kwa upana, ndani ya fremu pana nyeupe katikati ya jalada. Kwa ukubwa huo nukta ni karibu 160 kwa inchi, na ukishika kitabu mkononi inatosha. Mjane akaikubali. Kovu lilikuwepo.

Kosa moja lilibaki, na lilikuwa langu. Buluu niliyoichagua ilikuwa inawaka kwenye skrini, lakini kwenye karatasi ikatoka imefifia kama shati lililofuliwa mara mia. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, yaani CMYK. Kuna rangi za skrini ambazo wino hauwezi kuzifikia. GIMP ina njia ya kukuonyesha mapema rangi zitakavyotoka kwenye karatasi, nami sikuitumia.

Nimesimulia kirefu kwa sababu moja. Katika wiki ile yote, hakuna wakati ambapo shida yetu ilikuwa programu gani ina vifaa vingi kuliko nyingine. Shida zilikuwa: programu ilitoka wapi, picha zilihifadhiwaje, na nani anajua anachofanya. Lakini fungua mjadala wowote wa Photoshop na GIMP uone watu wanabishania nini. Vifaa, vifaa, vifaa.

Tuzipitie moja moja

Photoshop ilianza mwaka 1987 kama kazi ya Thomas Knoll, akisaidiana na ndugu yake John, na toleo la kwanza likauzwa Februari 1990 kwa tarakilishi za Macintosh pekee. Sitaidharau. Kwa kazi ya kuchapa, kwa kusafisha ngozi, kwa albamu ya harusi yenye picha mia sita, bado ndiyo inayopimiwa nyingine zote. Katika ofisi nyingi za matangazo, kama hujui Photoshop hata mahojiano hutaitwa.

Lakini mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka tu. CS6 ya 2012 ndiyo ya mwisho uliyoweza kuinunua mara moja ukakaa nayo. Kwa bei ya Marekani, Photoshop peke yake ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 240 kwa mwaka. Tukikadiria dola kwa shilingi 130, hiyo ni zaidi ya shilingi 31,000. Shemeji hutoza shilingi 200 kwa picha za pasipoti. Ni wateja 156 kabla hajalipa kodi ya chumba, stima wala karatasi. Tena utahitaji mashine yenye RAM ya GB 8 kwa uchache, na 16 ndiyo inayopendekezwa. Ukiacha kulipa, faili zako zinabaki zako, lakini programu iliyozitengeneza inajifunga. Na kuacha kwenyewe kumekuwa na maneno: Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe ikidai kwamba iliwaficha wateja ada ya kuvunja mkataba wa mwaka mapema. Kampuni ilikana. Mimi nasema tu, soma masharti kabla ya kuingiza nambari ya kadi.

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Walipohitaji vitufe na madirisha ya programu yao walijitengenezea zana, wakaiita GTK, na zana hiyo ndiyo baadaye ikajengewa GNOME, mazingira yanayotumiwa na watu wengi wa Linux. Leseni yake ni GNU GPL: itumie, isome msimbo wake, ibadilishe, mgawie jirani. Uhuru huo ndio uliowawezesha watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Programu ile ilikuwa huria kama hii, na hawakuhitaji kupiga magoti mbele ya kampuni yoyote.

Kasoro zake je? Nyingi. Mpaka mwaka 2012, toleo la 2.8 lilipokuja na dirisha moja, vifaa vyake vilielea kwenye skrini kama mabua kwenye mafuriko. Kwa miaka mingi ukiongeza ung'avu wa picha umeiongeza, hakuna kurudi kuirekebisha baadaye. Uwezo wa kuacha vichujio vikiwa hai juu ya leya ulikuja na toleo la 3.0, Machi 2025. Photoshop ilikuwa na mambo ya namna hiyo tangu zamani. Na kazi ya CMYK bado ni ya kuzunguka: unahariri kwa rangi za skrini, kisha unabadilisha wakati wa kutoa faili.

Affinity ni ya kampuni ya Uingereza, Serif. Affinity Photo ilitoka mwaka 2015 na ikapendwa kwa sababu ulilipa mara moja tu. Machi 2024 Canva ya Australia ikainunua Serif, na Oktoba 2025 ikatoa Affinity mpya, ya bure, yenye picha, michoro na upangaji wa kurasa pamoja. Lazima uwe na akaunti ya Canva, na vifaa vya akili mnemba ni vya wanaolipa. Ni programu nzuri sana, inajua CMYK, na kama una Windows au Mac ningekuambia uijaribu leo. Lakini kumbuka kwamba bure ya Affinity na bure ya GIMP si ndugu. Moja ni uamuzi wa kampuni, na kampuni inaweza kuamua tena. Nyingine imeandikwa kwenye leseni.

Kama unaona natia chumvi, nikukumbushe Picasa. Nilipokuwa mvulana, kila saiba niliyoingia ilikuwa nayo. Google iliinunua mwaka 2004, ikaigawa bure, tukaipenda, tukapanga picha zetu humo. Mwaka 2016 ikaachwa. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyeiba. Kampuni iligeukia mambo mengine, kwisha.

Kwa haraka, nyingine mbili. Photopea, kazi ya Ivan Kuckir tangu 2013, hufunguka ndani ya kivinjari, inafanana na Photoshop na inasoma faili zake za PSD. Picha haipelekwi kwa seva, inahaririwa kwenye mashine yako, ila unatazama matangazo. Ni mkombozi ukiwa kwenye tarakilishi ya watu. Na kwenye simu, Snapseed inamtosha mtu ambaye picha zake zinazaliwa kwenye simu na kufia kwenye simu. Msidanganywe, hao ndio wengi wetu, na hawahitaji makala hii.

Nilipokosea mimi

Baada ya mazishi nilisafisha tarakilishi ya shemeji yote, nikaiwekea GIMP, nikampa hotuba fupi kuhusu uhuru wa programu, nikarudi Nairobi nikiwa nimejipongeza. Wiki ya tatu dada yangu akanipigia simu kwa sauti ya chini.

"Usimwambie nimekuambia. Yule fundi amerudi."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Mtu ameibiwa kazi ya miaka minne na bado anamfungulia mlango yule yule! Jumamosi nikapanda matatu kwenda kugombana. Bahati nzuri nilipofika kulikuwa na foleni, nikalazimika kukaa kwenye benchi na kutazama.

Nikaona hivi. Mtoto wa shule anaingia, anahitaji picha za pasipoti nane, basi linamsubiri. Kwenye Photoshop, shemeji alikuwa na vitendo vilivyorekodiwa: kitufe kimoja, picha inakatwa, inapangwa mara nane kwenye karatasi, inakwenda kwa printa. Kwenye GIMP niliyomwachia alikuwa anafanya yote kwa mkono, akitafuta kila kifaa mahali ambapo hakipo. Dakika moja iligeuka kuwa dakika tisa. Wateja walikuwa wanaondoka kwenda studio ya ng'ambo ya barabara. Mimi nilimpa programu ya bure, na ikawa inamgharimu pesa kila saa.

Hotuba niliyokuja nayo nikaimeza. Nikachukua kalamu, nikahesabu mambo anayoyafanya kwa siku. Yalikuwa kumi na moja. Si mia tano kama vitabu vya Photoshop vinavyodai, kumi na moja. Mchana nikaandika skripti fupi ndani ya GIMP ya kukata picha na kuipanga mara nane. Tukabadilisha vitufe vya mkato vifanane na vile vidole vyake vilivyovizoea. Kufikia jioni dakika tisa zilikuwa mbili. Nimekiri kwamba Photoshop nayo inakubali skripti, kwa hiyo hapa GIMP haikushinda kwa uwezo. Ilishinda kwa sababu mtu alikaa chini na mtumiaji siku nzima, jambo ambalo sisi wapenzi wa programu huria huwa tunalisahau tukishamaliza hotuba.

Siku hizi anaendeshaje kazi? Picha za pasipoti na za kila siku anatumia GIMP. Desemba, harusi zinapofuatana, analipia Photoshop mwezi mmoja kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, anatengeneza albamu, anatoa kila ukurasa kama TIFF, kisha anasimamisha. Mpango wa mwezi mmoja mmoja ni ghali kuliko wa mwaka ukihesabu kwa mwezi, lakini mwezi mmoja ni mwezi mmoja. Fundi wa flashi haji tena, nadhani. Simwulizi dada yangu.

Kuhusu zile za wizi

Najua kuna msomaji anayetabasamu sasa hivi. "Wewe mwenyewe hukuanza na nakala ya wizi?" Nilianza nayo, mwaka wa kwanza chuoni, kwenye mashine ya mwenzangu wa chumba. Kwa hiyo sisimami juu ya mimbari. Hakimiliki ya programu inalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2001, sote tunajua, na sote tunajua jinsi tunavyoishi.

Hoja yangu ni nyingine. Nakala za shilingi mia tano hazijamwumiza Adobe kama zilivyotuumiza sisi. Zimetufanya tusijue bei. Kama mwenye studio angeona shilingi 31,000 mezani, angeuliza maswali: ninatumia vifaa vingapi? Kuna nyingine? Mwanangu anaweza kujifunza GIMP likizoni? Kwa kuwa Photoshop "inapatikana" kwa mia tano, hakuna anayeuliza. GIMP haina cha kushindana nacho, maana mwizi ameshusha bei ya mwenzake ikakaribia yake. Matokeo yake tuna mji mzima wa watu wanaojua programu moja, wasioweza kuilipia, na wasioweza kudai haki yoyote siku inapoharibika. Ukinunua kitu kwa fundi wa flashi, utampelekea nani malalamiko?

Basi nitumie ipi?

Kabla hujaniuliza hilo, jiulize haya matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, siku nitakapoacha kulipa, au kampuni itakapobadili nia, kazi yangu itafunguka wapi? Kila programu ina aina yake ya faili: Photoshop ina PSD, GIMP ina XCF, Affinity ina ya kwake. Hizo ni za kufanyia kazi. Ukimaliza, toa nakala ya TIFF au PNG ambayo programu yoyote itaisoma, leo na baada ya miaka ishirini.

Pili, nani aliye karibu nami anayeijua? Programu bora ambayo hakuna mtu mtaani kwako wa kukuonyesha inaweza kukushinda. Ukiwa na rafiki anayejua Affinity na yuko tayari kukaa nawe, huo ni utajiri. Na unapojifunza, jifunze vitu, si vitufe. Leya, maski, kurva, azimio la picha, rangi za wino: hivi viko kwenye zote. Ukivielewa, kuhama programu ni wiki moja ya kukereka.

Tatu, picha zangu zinaishia wapi? Kwenye simu, Snapseed. Kwenye tovuti au duka la mtandaoni, GIMP au Photopea. Kwenye karatasi kwa wingi, kila wiki, kwa wateja wanaolipa, basi Affinity, au lipia Photoshop kwa pesa halali na uihesabu kama unavyohesabu wino. Kama unataka kuajiriwa na kampuni ya matangazo, jifunze Photoshop, usinisikilize. Kama unatumia Linux kama mimi, GIMP, na darktable kwa picha ghafi za kamera.

Ukiniuliza mimi binafsi na kunibana ukutani, bado nitasema anza na GIMP. Si kwa sababu ni bora. Ni kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi ambayo ukishajifunza, hakuna mtu anayeweza kukuamkia asubuhi na bei mpya, masharti mapya au mlango uliofungwa. Kwa kijana asiye na mtaji hilo lina uzito. Lakini usiianze peke yako, na mwenye kumshauri mtu aitumie, aende akakae naye siku moja kwenye benchi.

Na hata kabla ya maswali hayo matatu, fanya jambo moja jioni ya leo. Tafuta diski ya nje, nakili picha zako zote. Kisha ichomoe, uiweke kabatini. Uichomoe, nasema. Shemeji alikuwa na nakala, kilichomponza ni waya.

Haya, ni hayo kwa leo. Kama umewahi kuhama kutoka programu moja hadi nyingine, au fundi wa flashi amewahi kukuliza, nipe habari. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaeleza ile skripti ya picha nane mstari kwa mstari.